Mwavuli Mwekundu wa Bertille

Bertille Lacombe alikuwa anawasimulia wageni aliokuwa akiwatembeza habari za mchoraji aliyelipia supu kwa picha ya punda, lakini akili yake haikuwa kwa punda wala kwa supu. Macho yake yalikuwa yanatafuta kofia ya kijani.

"Mwenye mkahawa akaitundika jikoni," alisema, mkono juu, mwavuli wake mwekundu ukiwa umefungwa na kuelekezwa mbinguni. "Ikala moshi miaka na miaka. Leo hata ukitaka kuigusa, kengele zinalia."

"Kwa hiyo dada, nami nikichora punda nitapewa supu?" aliuliza Bwana Wouter, mwalimu mstaafu kutoka Ghent, ambaye tangu waanze kupanda ngazi za kilima cha Montmartre, Paris, hakuwa amefunga mdomo.

"Wewe ukichora punda watasema umejichora," mkewe akamkata, na kundi zima likacheka.

Bertille naye akacheka, kwa kuwa ndiyo kazi. Kisha simu ikatetemeka mfukoni akaacha kucheka. Ulikuwa ujumbe wa muuguzi: *Dada Bertille, mama anapumua kwa shida. Bado anamuulizia kaka yako. Msikawie.*

Asubuhi ile mama yao, Huguette, alikuwa amemshika mkono kitandani, kwenye hospitali iliyo chini ya kilima. Aliongea kwa shida, lakini alichosema kilieleweka. "Mwambie Firmin aje. Mwambie nilikuwa nimekasirika tu." Miguu yake ilikuwa baridi kama sakafu. Bertille akavua koti lake la mvua, lile zito lenye kofia, akaifunika miguu hiyo, akatoka kwenda kumtafuta kaka yake. Firmin hakuwa na simu wala anwani. Alikuwa na kona tu, chini ya turubai la mgahawa karibu na ngazi, na hapo haonekani mpaka mchana, watalii wakishajaa. Bertille alikuwa amepanda peke yake mapema akakuta kona tupu. Bosi wake naye hakuwa na mtu wa kumshikia zamu. Basi akaona bora apande na kundi, maana njia ya kundi inapita palepale.

Njia hiyo alikuwa ameipita miaka mitatu, na kila alipoikaribia ile kona aliwaambia wageni maneno yaleyale: "Sasa jihadharini na watu wa kadibodi. Hawana kibali. Anakuja na kadibodi mkononi, anakwambia una uso mzuri, ukisimama tu umeshachorwa, na umeshadaiwa. Msiwaangalie machoni." Akishasema hayo alimpa kisogo kaka yake wa tumbo moja na kuendelea kuwasifu wachoraji wa zamani, waliolala njaa na kuhamahama usiku wakiwakimbia wenye nyumba. Ndivyo tulivyo hapa kilimani. Mchoraji fukara akishakufa tunamwekea kibao ukutani, ila aliye hai tunamwitia polisi.

Na polisi waliitwa kwa mwavuli. Waongozaji wa pale juu walikuwa wamepatana na askari wa uwanjani tangu zamani: mwavuli uliofungwa ni wa kuongoza wageni, ukifunguliwa ni wito. Askari akiuona tu anakuja, na aliyekuwa anachora bila kibali anabebwa yeye pamoja na kadibodi yake. Kwa sababu hiyo hakuna mwongozaji aliyefungua mwavuli pale, hata mvua inyeshe ya kumwaga. Wote walivaa makoti yenye kofia, na wageni walifikiri ni ukaidi wa Waparisi.

Bertille aliwahi kuufungua kwa wengine, na wala hakujuta. Kwa Firmin hakuufungua hata siku moja. Hilo Firmin alilijua. Kila dada yake alipopita akijifanya hamjui, aligusa ukingo wa ile kofia ya kijani kwa kidole kimoja. Ndiyo salamu pekee iliyokuwa imebaki kati yao, tangu siku mama alipomwambia asikanyage mlango wake mpaka apate kazi inayoeleweka. Firmin alikuwa mtu wa kushika neno. Hakuukanyaga.

"Twendeni, twendeni," Bertille alihimiza. Aliruka nyumba mbili na hadithi nzima ya mwanasesere wa nta, hadithi ambayo siku nyingine angeitia chumvi mpaka watu washike mdomo. Mke wa Wouter akalalamika kwamba wanakimbizwa kama mbuzi. Walikuwa wamekata kona, na chini ya turubai la mgahawa aliiona kofia ya kijani.

Akageuka kuwaambia wageni wamsubiri pale, akakuta Bwana Wouter keshamtangulia. Mzee wa watu alikuwa amesimama chini ya turubai, kidevu juu, tumbo ndani, na Firmin alikuwa anamchora huku akimpigia domo.

"Usinicheke mzee, pua kama hii haichorwi kwa penseli moja."

"Ipunguze kidogo, basi."

"Nikiipunguza mkeo atakukana nyumbani."

Amekonda, Bertille aliwaza. Hakuwa amemtazama vizuri miaka yote ile, na sasa alimwona: mashavu yameingia ndani, mkono ule ule mwepesi, koti la marehemu baba yao limemzidi mabega. Kati yao palikuwa na watu wengi waliosimama kumsikiliza mpiga kodiani. Alianza kujipenyeza. Alikuwa anayapanga maneno. Kwanza, *Firmin*. Halafu, *Mama anakuita*. Halafu, *alikuwa amekasirika tu*. Aliyarudia kama mtoto aliyetumwa dukani, asije akasahau.

Tone la kwanza lilimwangukia shingoni, la pili kwenye nywele, kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja. Aliinua mkono kuvuta kofia ya koti na hakukuta kofia, maana koti lilikuwa hospitalini. Akafanya kile ambacho mtu yeyote duniani angefanya akinyeshewa na ana mwavuli mkononi. Kidole gumba kikabonyeza kitufe.

Mwavuli ukafunguka, mwekundu, juu ya vichwa vya watu.

Chini ya turubai palikuwa pakavu. Firmin aliinua uso, akauona mwavuli, akamwona dada yake chini yake akimjia moja kwa moja. Mkono ulimwenda kwenye ukingo wa kofia, kwa mazoea, ukaishia njiani. Bertille aliuona uso wake. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtu ambaye hakumtegemea kabisa. Kadibodi ikamdondoka, na Firmin akatoka nduki, akashuka zile ngazi akiruka mbili mbili.

"Firmin! Rudi! Mama anakuita!" Kodiani na mvua vilimeza kila neno.

Askari akafika akihema. "Yupi? Yule wa kofia?"

Bertille akasimama katikati ya njia, akaufunga mwavuli haraka mpaka ukamfinya kidole. "Hakuna mtu. Ni mvua tu. Nimeufungua kwa sababu ya mvua."

"Wewe? Leo ndiyo umeanza kazi?" Askari alijaribu kumpita.

"Usimfuate! Ni kaka yangu." Alilisema kwa sauti kubwa, mbele ya askari, mbele ya kundi lake zima, na machozi yakamtoka. "Ni kaka yangu, mama yetu yuko hospitali, mwache!"

Bwana Wouter aliinama, akaiokota kadibodi, akaifuta kwa mkono wa shati. "Mimi hajanisumbua, afande," alisema, na safari hii hakukuwa na utani. "Nilimwomba mwenyewe anichore."

Bertille aliwaacha hapo chini ya turubai, ziara haijaisha wala hajaaga. Alishuka ngazi akiita mpaka koo likamkauka. Vichochoro vya huko chini vinagawanyika mara nyingi na Firmin alivijua kuliko yeye. Mwishowe akaketi kwenye ngazi, mahali panapoonekana kutoka pande zote, akaulaza mwavuli uliofungwa juu ya magoti yake. Mvua ikamnyeshea kichwani, ikamwingia kifuani, naye hakuufungua. Kama yuko mahali anatazama, alijiambia, auone umefungwa.

Simu iliita, alikuwa yule muuguzi. Alisikiliza, akasema, "Ndiyo. Asante, dada," akairudisha mfukoni. Akabaki vilevile, mwavuli magotini. Hakujua tena anasubiri nini, ila kuondoka hakuweza.

Firmin alitokea nyuma ya ukuta wa chini, kofia imelowa, tayari kukimbia tena. Alipanda polepole na kusimama mbali kidogo.

"Mbona umekaa kwenye mvua kama mwehu?"

"Ilikuwa mvua, Firmin. Naapa. Ilikuwa mvua tu."

"Miaka mitatu hujaufungua. Nikasema leo nimekwisha, hata Bertille." Akafuta uso. "Koti lako liko wapi, wewe? Hamtembei bila makoti."

"Nimemfunika Mama miguu. Yuko hospitali. Alikuwa na baridi."

Firmin alipanda ngazi zilizobaki mara moja. "Hospitali gani? Hii ya hapa chini? Sasa tumekaa tunafanya nini? Inuka!" Akamshika kiwiko, akamnyanyua. "Yeye kakwambia nije? Amesema yeye mwenyewe?"

"Amesema yeye mwenyewe. Amesema alikuwa amekasirika tu."

Firmin akacheka kwa pumzi moja, cheko la mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Akauchukua mwavuli kutoka mikononi mwa dada yake, akaufungua yeye, akaushika zaidi upande wa dada yake huku bega lake likinyeshewa. "Twende. Tembea, basi. Unatetemeka."

Bertille alipata riziki kwa mdomo wake. Kila siku aliwaeleza wageni vifo vya watu waliokufa zamani, na alijua pa kupunguza sauti na pa kunyamaza. Alitembea hatua chache chini ya mwavuli mwekundu, mkono wa kaka yake begani, kisha akasimama.

"Firmin," alisema. "Wamenipigia simu sasa hivi."