Maji Kabla ya Kilima

"Unga si wa timu. Nikwambie kwa lugha gani ndipo uelewe?"

"Nimekuelewa tangu asubuhi, Mkuu. Ninachouliza ni kitu kimoja tu. Wale wasichana wapande kile kilima wakiwa na nini tumboni?"

"Wapande na miguu," mkuu wa shule alisema, na karani wake akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayelinda kibarua chake.

Kocha hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti, filimbi inaning'inia shingoni, raba zake zina vumbi hadi kwenye kamba. Ugomvi huu ulianzia mstarini asubuhi kwa minong'ono, ukahamia kwenye varanda wakati wa mapumziko, na sasa umefika ofisini bila aibu, mlango wazi, walimu wawili wakijifanya wanatafuta chaki.

"Keshokutwa nina wageni," mkuu aliendelea. "Afisa wa michezo anakuja. Bodi inakuja. Shule ya bweni inaleta watu wake. Mbio zinafanyika kwetu, sisi ndio wenyeji. Unataka wakishamaliza kupiga makofi niwapikie nini, bendera?"

"Wageni watakula siku moja. Wasichana hawajapata uji tangu shule ifunguliwe."

"Si mimi niliyepandisha bei ya unga."

"Sijasema ni wewe."

"Basi usinikodolee macho kama mimi ndiye mwenye kinu. Tulikubaliana kikaoni, na wewe ulikuwepo: chakula cha mchana ni kwa ambao wazazi wao wamechangia. Nikimpa mmoja wa bure leo, kesho nina foleni mpaka barabarani."

"Foleni tayari ipo, Mkuu. Ni vile tu haijaja kusimama mlangoni kwako."

Hata wale wa chaki walisahau chaki. Mkuu alifungua droo, akaifunga, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Mwalimu, mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa muhula. Kama kila muhula. Unausaini wewe."

"Vizuri. Nenda kapulize filimbi yako."

Akaenda. Angefanya nini? Ana watoto nyumbani, na mwenye nyumba asiyejua kucheka. Alimeza maneno yake yote, yakashuka kama dawa chungu, akatoka kwenda uwanjani.

Wasichana walikuwa wamekusanyika kwenye bomba, kama kawaida yao kabla ya mazoezi. Walipomwona tu, wakatawanyika. Mmoja alificha chupa mgongoni. Kocha alijua wanafanya nini pale, na jambo hilo lilikuwa limemkera kwa wiki nyingi.

"Nilisema nini kuhusu kujaza maji kabla ya kukimbia?"

"Tusinywe, Kocha," walijibu kwa pamoja, midomo ikiwa bado imelowa.

"Na mkinywa?"

"Tunarudia kilima."

"Haya. Tusilaumiane."

Kilima kiko nyuma ya tanuri za matofali. Njia inapita kwenye mashimo yalikochimbwa udongo, inapinda kwenye jalala, kisha inapanda bila huruma, mawe madogo yanateleza chini ya mguu. Kocha aliichagua njia hiyo yeye mwenyewe, akasimika vipande vya nondo pembeni, akavifunga vitambaa vyekundu badala ya bendera. Mtu akiweza kilima hiki, aliwaambia, hakuna uwanja utakaomtisha.

Aliwakimbiza siku hiyo kwa hasira isiyowahusu. Alijua, na hakuacha. Alisimama katikati ya mwinuko akipiga makofi, sauti imemkauka. "Mikono, mikono! Usiangalie juu, angalia hatua yako! Nahodha, wavute wenzako! Pikipiki, usiniangushe!"

Pikipiki ndiye aliyekuwa anamtazama zaidi. Waliokimbia karibu naye walikuwa wanamsikia akipumua kwa nguvu, prrr, prrr, kama chombo kinachokataa kuwaka, na ndipo alipopata jina hilo. Lakini kikiwaka, hakuna wa kumshika. Shule ya bweni ilikuwa imeahidi kumchukua msichana atakayemaliza wa kwanza, imsomeshe bila ada mpaka amalize. Mmoja tu. Mjomba wa Pikipiki, anayemlea yeye na wadogo zake, alishafika shuleni mara mbili, kofia mkononi, akasema wazi kwamba mzigo umemshinda. Alikuwa amempatia binti kazi ya kulea watoto wa watu. Kocha alimbembeleza, akamwomba asubiri mbio zipite. "Sawa, mwalimu," mjomba alisema. "Akishinda ni wenu. Asiposhinda, asubuhi yake anaondoka. Msinione mbaya."

Sasa Pikipiki alifika karibu na nondo ya mwisho, akayumba, akashika magoti, akatapika. Yalitoka maji matupu, meupe, kama mtu amemwaga kikombe.

Kocha aliyaona maji, damu ikampanda kichwani.

"Tena? Mbele yangu? Nimekukataza mara ngapi? Wenzako wanaohangaikia nafasi hii hawako hapa, wako kwenye shule zao wanafuata wanachoambiwa! Shuka mpaka chini. Anza upya."

Msichana alifuta mdomo kwa ukosi wa fulana. Alishuka kilima taratibu, akageuka, akaanza kupanda, prrr, prrr, na safari hii chombo hakikuwaka. Kipande cha mwisho alikipanda kwa mikono.

Mazoezi yalipoisha waliketi kwenye kivuli cha ukuta wa bohari, nyuma ya jiko la shule, miguu imenyooshwa, nyayo zimepauka. Huu ndio wakati ambao kocha aliupenda kuliko yote. Ukishawavunja watoto kwa mazoezi, unawaunga kwa maneno; ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya siku zote. Alitembea mbele yao, mikono nyuma.

"Leo mmeumia. Nimeona. Lakini nataka mnisikilize. Mwili ni mwongo. Mwili ukikwambia umechoka, unakudanganya, bado kuna akiba. Ukiwaka moto kifuani, wewe uambie nini?"

Kwa kawaida walijibu kwa kishindo: *Uambie bado!* Leo walijibu watatu, na mmoja wao alikuwa anapiga miayo.

"Sijasikia. Uambie nini?"

"Kocha, naomba kuuliza," alisema msichana mwembamba waliyemwita Kamusi kwa sababu hakosi neno. "Hiyo akiba inakaa sehemu gani? Mimi ya kwangu naona walishaichukua na riba."

Wakacheka, wengine wameshika mbavu kwa maumivu. Kocha naye tabasamu lilimponyoka.

"Inakaa hapa," akajigonga kifua. "Lakini mkijaza matumbo maji kama mitungi, haiwezi kufanya kazi. Mnaona mwenzenu alivyotapika? Huo ni ukaidi, wala si ugonjwa."

Kicheko kilikatika. Nahodha, msichana mkubwa mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa kama cha bibi aliyekwenda harusini, aliinua macho.

"Si ukaidi, Kocha."

"Ni nini basi?"

"Ni chakula cha mchana."

Kocha alisimama. "Unasemaje?"

"Kengele ya chakula ikilia, waliochangia wanaingia bwaloni. Sisi tunaenda bombani. Ukinywa mengi kwa mkupuo, tumbo linadanganyika, linanyamaza. Ukienda kukimbia nalo likiwa linasokota, hufiki hata jalalani. Tuliona bora utufokee kwa maji."

"Na ukaturudisha kilimani," Kamusi aliongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha ratiba.

Kocha aliwatazama mmoja mmoja. Magoti yaliyochongoka. Pembe za midomo zilizochanika. Vyote hivi alikuwa akiviona kila siku, akaviita wepesi wa mkimbiaji. Alijua uji hakuna, lakini hakuwahi kuhusisha maji ya bombani na njaa.

"Aliyekula leo anyooshe mkono."

Mkono mmoja ulipanda, ukaishia usawa wa sikio.

"Huo ni mkono gani huo, wa nusu?"

"Nilikula nusu, Kocha. Nusu nilimpa huyu wa pembeni yangu."

Mwanawe mwenyewe angetapika nyumbani, angemwuliza amekula nini. Hawa aliwauliza wamekunywa nini, akawaadhibu kwa jibu. Muhula mzima alikuwa amewapandisha kilima kwa kosa la kuwa na njaa. Na huyu hapa Pikipiki, ameegemea ukuta, macho yamefumbwa, chupa yake tupu mapajani. Keshokutwa ndiyo siku yake, na baada yake ni begi na safari.

"Kocha, umalizie," nahodha alisema kwa upole. "Ulifika kwenye akiba."

Alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, ameyasema miaka yote, yanamtoka hata usingizini: kaza moyo, mwili ni mwongo, uambie bado. Hakuna hata moja lililokubali kutoka.

Aligeuka, akautazama ule ukuta uliowapa kivuli. Bohari. Nyuma ya matofali hayo kulikuwa na magunia ya wageni.

"Nisubirini hapo," alisema, akaenda hadi kwenye nondo ya karibu ya njia ya mazoezi, akaing'oa, akafungua kitambaa chekundu, akakifutika mfukoni.

Mpishi mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko akisugua sufuria. Aliiona ile nondo, akamtazama kocha usoni, akaelewa.

"Mwanangu, ufunguo anao Mkuu."

"Najua, mama."

"Utafukuzwa."

"Najua hilo pia."

"Una watoto."

"Ninao. Na hawa nao ni wa nani?"

Mpishi alisugua sufuria kidogo, kisha akaiinua kwenye mwanga kuona kama imetakata. "Macho yangu yana moshi tangu asubuhi," alisema. "Sioni kitu. Acha nikawashe moto, labda yatafunguka."

Kocha aliingiza nondo kwenye komeo, nyuma ya kufuli, akaegemea kwa uzito wake wote. Mbao ilikuwa imeoza kwa mvua. Alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye taarifa ya matengenezo mwaka juzi, hakuna aliyejali. Misumari ilitoka kwa mlio mkali, kufuli likabaki linaning'inia, limefungwa vizuri kabisa, kwenye mlango ulio wazi.

Alitoa unga. Alitoa na sukari, ile ya chai ya bodi. Mpishi aliuvuruga unga kwa maji baridi ili usifanye madonge, akaumimina, akampa kocha mwiko. "Fanya mwepesi," alionya. "Tumbo lililokaa tupu halitaki ubabe. Na waambie wanywe polepole."

Harufu iliwavuta wasichana bila kuitwa. Walisimama mlangoni na vikombe vya plastiki, hawaongei, hata Kamusi. Kocha alijua sufuria moja haiwezi kurudisha muhula mzima. Alijua kilima kitakuwa palepale keshokutwa, na wasichana wa shule nyingine watakuja wameshiba miezi. Akaendelea kukoroga.

Mkuu alifika msichana wa tatu akipewa uji. Alikuwa amekimbia, jasho limeloanisha ukosi, karani yuko nyuma yake.

"Nani amevunja bohari?"

"Mimi," kocha alisema.

"Weka huo mwiko chini. Toka nje ya shule yangu. Sasa hivi."

Uji ulimdondokea kocha kwenye raba. Alimfikiria mwenye nyumba asiyejua kucheka. Kisha alichota tena.

"Leta kikombe, Pikipiki."

Pikipiki hakuleta kikombe. Alinyoosha ile chupa ya maji, mdomo wake mdogo ukiwa wazi. "Niwekee humu, Kocha. Nitakunywa nyumbani na wadogo zangu."

Jiko zima lilisikia. Mkuu alisikia. Alitazama pembeni, kwenye moto.

"Kikombe kwanza," kocha alisema. "Unywe hapa, nikikuona. Chupa nitaijaza baadaye."

Akammiminia mpaka juu, akangoja mpaka msichana alipopiga funda la kwanza na la pili. Kisha akageukia foleni, ambayo sasa ilikuwa imepita mlango wa jiko na kufika varandani, na si wote waliosimama humo walikuwa wa timu.

"Anayefuata," alisema.