Jina Moja la Kumpa Kocha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda darasani, Kuramoto Itsuki alijifungia kwenye choo cha maktaba ya chuo, akashika ukuta, akaruka kwa mguu wa kushoto. Mara moja tu. Ya pili hakuthubutu. Siku zote alitoka salama. Alhamisi ile maumivu yakaja: chini kidogo ya katikati ya ugoko, mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, palepale mfupa ulipopata ufa majira ya kuchipua. Akaketi juu ya kifuniko cha choo, jasho likimtoka na nje ni baridi ya Novemba.

Daktari alishamwambia bila kupamba maneno. Ufa ukirudi na yeye akaendelea kukimbia, mfupa utakatika vipande viwili, utatiwa chuma, na mbio zitabaki hadithi ya kusimulia. Lakini kilichomtetemesha pale chooni hakikuwa chuma. Kilikuwa kikao cha Jumapili.

Katika timu yao ya mbio za kupokezana, kila kundi la mwaka wa pili lilipaswa kumtoa mmoja wao aache kukimbia na awe meneja. Ashike saa, aendeshe baiskeli pembeni ya wenzake, atafute vyumba vya kambi, afue mishipi wanayopokezana mbioni, hivyo hivyo mpaka amalize chuo. Kocha Hatano hachagui. Kura hakuna. Vijana wanakaa chini wakizungumza mpaka mmoja akubali kwa kinywa chake mwenyewe, na jina linapelekwa kwa kocha. Wakishindwa, kundi zima halipelekwi kambi ya baridi. Kocha alisema hiyo ndiyo njia ya kujenga umoja. Watu wazima wana namna zao za kunawa mikono.

Mikutano miwili ilikwisha bila jina, na wa mwisho ulipangwa Jumapili. Hakuna aliyesema kitu, lakini macho yalikuwa yakienda kwa watu wawili tu. Mmoja ni Itsuki mwenyewe, aliyekaa nje miezi minne na kurudi Septemba. Wa pili ni Nagase Tomohei, aliyelala naye chumba kimoja, mtoto wa wakulima wa mapeasi kule Tottori. Nagase hajawahi kuumia hata ukucha. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba kati ya vijana wenye kasi yeye alikuwa na kasi kidogo.

Na masomo nayo hayakumsubiri mtu. Itsuki alisomea uhandisi wa ujenzi, mkimbiaji pekee wa timu aliyejitia kwenye balaa hilo, na ukifeli somo moja Hatano hakupi viatu. Alfajiri anakimbia, asubuhi anasinzia darasani, mchana yuko maabara, jioni anakimbia tena. Ile miezi ya magongo ndiyo iliyomfunulia kwamba kazi ya kujenga madaraja anaipenda kweli. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu mkimbiaji akishaonekana ana pa kwenda kwingine, ndiye wa kwanza kuambiwa aende.

Alhamisi hiyo hiyo Mwalimu Oginome aliingia darasani na waya wa kutundikia nguo. Akaukunja, akaukunjua.

"Mnaona kitu?"

"Hapana," darasa likajibu.

Akaukunja, akaukunjua, huku akipiga soga za mvua na bei ya kabichi, mpaka waya ukakatika *tak*, kipande kikaruka na kumgonga kijana wa mbele. Darasa likaangua kicheko.

"Sasa niambieni, umekatika lini? Mnadhani sasa hivi?" akauliza Oginome.

Itsuki hakucheka. Mkono wake ulikuwa chini ya dawati, umeukamata ugoko. Alitaka kutoka nje. Aliogopa kusimama, asije akachechemea mbele za watu.

Jioni ilikuja na hofu nyingine, ya bafu. Wote waliingia katika birika moja kubwa la kuogea, la maji ya moto, na Itsuki alijizamisha mpaka kidevuni.

"Wee Kuramoto!" Tokunaga, msemaji wa kundi, akapaza sauti. "Mbona unaoga kama bibi harusi? Hebu toa huo mguu tuuone!"

"Mguu wangu hauangaliwi bure."

"Aah, Jumapili tutauangalia bure, usijali."

Wakacheka. Itsuki naye akacheka, akabaki majini mpaka wa mwisho alipotoka, kichwa kikimzunguka kwa joto.

Chumbani, Nagase alikuwa amekaa sakafuni akimenya peasi la kwao. Akamkatia kipande, akakisogeza kwa ncha ya kisu.

"Mguu vipi?" akauliza.

"Mzima."

"Mzima kweli, au mzima wa kumwambia kocha?"

"Mzima kweli, bwana. We vipi, umekuwa daktari?"

Nagase alimtazama. Ana macho ya taratibu, kama miguu yake. "Haya. Nilitaka kujua tu. Bibi yangu kila mwaka mpya, siku ya mbio kubwa za vyuo, anakaa mbele ya televisheni tangu alfajiri, anasema huenda nikapita. Namwambia, bibi, mimi bado. Ananiambia basi nitamwangalia yule rafiki yako."

Itsuki alitafuna lile peasi lisishuke. Neno lilikuwa mdomoni: *umerudi, ule ufa umerudi*. Akiwa nalo hivyo hivyo akalala, na neno likalala naye.

Jumapili walikaa duara kwenye mikeka ya chumba cha mikutano, vijana wanane, hakuna anayemtazama mwenzake. Tokunaga alifungua kikao kwa maneno mengi ya umoja. Kisha Tokunaga akasafisha koo na kugeuza uso polepole upande wa Itsuki. Ameshajua, Itsuki akawaza, sasa atanitaja.

"Mimi nitafanya," akasema Nagase.

Alisema hivyo kama mtu anayejitolea kwenda dukani. Mtu mmoja akaanza kulia, wakafuata wengine, kwa maana walikuwa watoto tu na walikuwa wameogopa wote. Nagase alikuwa akiinamisha kichwa huku na kule, akisema, "Msilie bwana, mnaniaibisha." Kisha akamgeukia Itsuki. "Mwenzangu umepona, una kasi. Mimi nina mapafu ya ng'ombe na mwendo wa ng'ombe. Kimbia na sehemu yangu."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, ilitosha kabisa. Itsuki aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akalia kuliko wote, na akasema, "Asante." Ahueni iliyomwingia ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliomtisha zaidi.

Jumatatu jina lilikuwa limeshafika kwa kocha. Jioni walikimbia kando ya mto, na Nagase akapanda baiskeli ya meneja, koti jipya, saa shingoni, sauti juu.

"Kuramoto, mabega! Legeza mabega! Safi, hivyo hivyo!"

Itsuki alikuwa akikimbia peke yake nyuma ya kundi, akikanyaga ardhi kama inayotaka kumng'ata. Kila hatua aliisikiliza. Hii bado. Hii bado. Walipofika chini ya daraja la reli maumivu hayakuwa ya ncha ya kidole tena, yalipanda mpaka gotini, na akaona wazi kwamba hatua yoyote sasa inaweza kuwa ile ya kuuvunja mfupa. Alisimama. Akaushika mguu kwa mikono miwili, na migongo ya wenzake ikapotea mbele kwenye kona.

Nagase alirudi akikanyaga pedali kwa nguvu. "Nini? Msuli?"

"Mfupa."

"Umeanza sasa hivi?"

Itsuki alitazama nyasi. "Alhamisi."

Nagase aliteremka kwenye baiskeli, akailaza chini polepole. Treni ilipita juu yao, ikaisha.

"Nilikuuliza," akasema.

"Nisamehe. Niliogopa, Nagase. Niliogopa sana."

"Nilikuuliza kabisa, Kuramoto."

Kisha Nagase akamgeuzia mgongo, akachuchumaa, akanyoosha mikono nyuma. "Panda."

"Siwezi. Acha nitembee."

"Panda! Mimi ndiye meneja."

Akapanda. Bweni lilikuwa juu ya kilima, na mwinuko ule uliwatoa wakimbiaji wengi ulimi. Nagase aliupanda na mtu mzima mgongoni bila kuongeza pumzi, hatua moja baada ya nyingine, na Itsuki, kifua juu ya mgongo ule, aliisikia miguu ya rafiki yake ikifanya kazi chini yake, mizima, imara, haina maumivu popote.