Sungura Aliyekohoa Simiti

Asubuhi hiyo Kalondu alikuwa amechuma majani ya viazi vitamu na kuyaanika kidogo ili umande ukauke, maana majani yenye umande humvimbisha sungura tumbo. Alipoyatia bandani, Sabuni, sungura wake, hakusogea. Alikuwa amejikunja pembeni, masikio yamelala mgongoni, anapumua kwa mbavu. Kisha akakohoa, na kwenye ubao mbele yake kukawa na kijiko kizima cha simiti.

Kalondu aliipima kwa vidole viwili. Ilikuwa simiti kavu, nzuri, isiyo na madonge. Alimbeba Sabuni hadi jikoni, akamlaza ndani ya boksi lililotandikwa gunia, karibu na mafiga lakini si karibu sana, halafu akarudi kufagia banda. Alichofagia alikitia kwenye debe, kwa sababu Kikima nzima hakuna mtu anayetupa simiti.

Kilichomchanganya si simiti yenyewe. Ni kwamba sungura huyu hakuwahi kukaribia hata mfuko wa simiti. Aliyeikaribia ni mumewe, Nzioka, aliyefungua mifuko na kukoroga simiti katika kiwanda cha matofali kando ya barabara ya Mombasa tangu ujana wake mpaka pumzi zikamwishia. Daktari wa kiwanda alimpima kifua, akasema ni sigara. Nzioka hakuwa amevuta sigara hata moja maishani. Lakini maneno ya daktari yalipanda mlima na kufika Kikima kabla ya mgonjwa mwenyewe, na kanisa lao halikuwa na mchezo na wavutaji. Akatengwa. Alimnunua Sabuni soko la Mukuyuni akiwa tayari ametengwa, apate wa kukaa naye Jumapili wenzake wakiwa ibadani. Alipofariki, mwaka wa 1986, Pasta Kilonzo alituma salamu za pole, na ndugu wakamfukia bila sala wala wimbo. Mwaka ulikuwa umepita, na hasira ya Kalondu ilikuwa bado mbichi, wala hakuificha.

Kumuuguza sungura si kazi ya mtu mwenye haraka. Kalondu alimpa uji mwembamba kwa bomba la sindano lililotolewa ncha, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo, kwa sababu ukimpitishia mbele anapaliwa. Alimgeuza ubavu huu na ule. Alimsugua tumbo mpaka apate choo, na akipata vipunje viwili vitatu, Kalondu alifurahi kama aliyepokea mgeni. Alichemsha majani ya mkalitusi akamfukiza chini ya shuka. Baada ya kila mafusho Sabuni alikohoa zaidi, manyoya yake meupe yakazidi kuwa ya kijivu, na debe likajaa.

Wiki hiyo hakwenda kwenye mwethya, kazi ya pamoja ya kikundi chao. Akina mama wa kanisa walikuwa wanajenga tangi la maji ya mvua, na kila mmoja alikuwa na zamu ya kubeba mchanga kutoka mtoni. Desturi yao ni kwamba mwenye mgonjwa nyumbani huachiliwa. Mutindi, mwenyekiti wao, akaja kuhakikisha.

"Kalondu, hatujakuona mtoni."

"Niko na mgonjwa."

Mutindi akachungulia ndani ya boksi. "Pole sana. Mgonjwa ni mgonjwa." Kisha macho yakaliendea debe. "Na hii simiti?"

"Ni yake. Anakohoa."

Mutindi alichovya kidole, akaridhika. "Sisi tumekwama na tangi. Imefika juu, simiti ikaisha."

Kalondu akampa. Angesema nini? Kuanzia hapo akina mama walipitia kwake kila jioni wakitoka kazini. Walimletea mgonjwa karoti, wakamwombea wameshika boksi, wakaondoka na karai limejaa. Waliomba kwa moyo mweupe, hilo Kalondu hakulitilia shaka. Lakini jioni moja Muthoki, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimaliza sala hivi: "Bwana umponye, lakini usiharakishe, bado mfuniko wa tangi." Wote wakaitikia amina. Kalondu alitaka kucheka na alitaka kuwafukuza, na hakufanya hata moja.

Siku iliyofuata alimwita daktari wa mifugo, bwana mmoja wa Murang'a aitwaye Thuo. Thuo alipasha moto chombo chake cha kusikilizia kwa viganja, akakiweka kwenye ubavu wa Sabuni, akasikiliza kwa utulivu.

"Mama, hii ni vumbi ya simiti. Kifua imeshikana kabisa. Amefanya kwa kiwanda miaka mingapi?"

"Huyu hajafanya. Ni bwana yangu alifanya."

"Na huyo aliuawa na nini?"

"Walisema sigara."

Thuo alikunja chombo chake polepole. "Mimi hutibu wanyama tu, mama," akasema, na akaonekana kuona haya. Dawa ya ugonjwa huo hakuwa nayo. Hata hivyo, Kalondu alipomwomba wafike pamoja kanisani akayarudie maneno hayo, hakukataa.

Walimkuta Pasta Kilonzo akikagua tangi. Alimsikiliza daktari hadi mwisho.

"Sungura ameumizwa na simiti," Pasta akakubali. "Hiyo hata mtoto anaona."

"Basi hata Nzioka ni simiti," Kalondu akasema.

"Nzioka alipimwa na daktari wa watu. Huyu ni wa mifugo."

"Pasta, hakuvuta. Mimi ndiye nililala naye."

"Sikatai, mama. Lakini kurudishwa kundini kuna utaratibu. Mtu anasimama mbele, anaungama, tunampokea. Mwambie aje."

"Ameshakufa."

"Hapo ndipo shida iko."

"Na akija, aungame nini?"

Pasta aligeukia kazi ya akina mama. Akagonga tangi kwa mafundo ya vidole, akasema limeshika vizuri.

Sabuni alifariki adhuhuri ya kesho yake, mapajani mwa Kalondu, mfuniko wa tangi ukiwa umekamilika. Kalondu alilia waziwazi, na katikati ya kilio hakuweza kusema analilia nani. Alikusudia kumzika mwenyewe, kando ya Nzioka, kwa kuwa walizoeana. Lakini kabla hajashika jembe, akina mama walifika na majembe yao, na nyuma yao Pasta Kilonzo katika suti yake nyeusi. Kanisa, alisema, haliwezi kumwacha aliyelitumikia aende hivihivi.

Ilikuwa ibada kamili. Mutindi alitoa shukrani kwa niaba ya kikundi. Waliimba beti zote, hata zile ambazo kwa kawaida hurukwa. Kalondu alisimama akisikiliza, na kila wimbo ulimchoma, kwa maana ulikuwa mzuri.

Ulipofika wakati wa sala ya mwisho, nafasi ilikuwa finyu. Makaburi yalikaribiana, ua ukabana upande wa pili. Pasta alitazama huku na huku akitafuta pa kusimama, kisha akapanda juu ya kaburi la Nzioka, akafumba macho, akamwombea sungura pumziko la milele. Kalondu alivitazama viatu vyake vikizama kwenye udongo. Hakujua amwambie ashuke au amshukuru kwa kuja. Sala ilipokwisha, wenzake wakasema amina, naye akasema.