Sindano ya Kitanda cha Nne

Miwani ililetwa hospitalini Jumatano, imefungwa kwenye sanduku jeusi kama vikombe vya harusi. Allan, kijana aliyetumwa kutoka Nairobi kufundisha usalama kazini, aliivaa kwanza yeye mwenyewe. Akaeleza kwamba mvaaji ataendelea kuiona wodi yake ileile ya Kitengela, na vitanda vyake vilevile, ila miwani itamwongezea hatari zisizokuwepo: damu sakafuni, waya uliochunika, sanduku la sindano lililojaa pomoni. Hatari zilikuwa tano. Kazi ilikuwa kuzitafuta na kuzionyesha kwa kidole.

"Na hakuna mtu ataumia," alisema. "Hiyo ndio uzuri yake."

Wauguzi wakamsukuma mbele Nduta, mkubwa wao, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Nduta alizipata hatari nne upesi, kama mtu anayeokota nguo zake mwenyewe. Ya tano ilikuwa kwenye kitanda cha nne. Shuka lilikuwa limefunuka kidogo, na ukingoni mwa godoro sindano ilikuwa imesimama wima. Akaganda.

Kuna jambo ambalo wauguzi hawaliandiki popote. Unapomwekea mgonjwa dripu ukiwa peke yako, mkono mmoja unashikilia mrija, wa pili unatafuta plasta. Sindano uliyoichomoa uiweke wapi? Unaichomeka kwenye godoro, dakika moja tu. Nduta alifundishwa hivyo na waliomtangulia, naye akawafundisha waliomfuata. Mazoea hujenga tabia, walisema wahenga, wala hawakuongeza tabia hiyo itambomoa nani.

Julai ya mwaka uliopita, akiwa hajamaliza kubandika plasta ya mgonjwa wa kitanda hicho, aliitwa mbio kwa mama aliyekuwa anajifungua. Akaisahau sindano. Mgonjwa, dereva wa lori kutoka Namanga, alipopelekwa kupigwa picha, Nalotuesha wa usafi akaja kubadilisha shuka. Sindano ikapenya glavu, ikamdunga kiganjani.

Nalotuesha alimfuata Nduta akiwa ameuficha mkono ndani ya aproni. "Sista, nimedungwa. Niandikishe?"

Nduta alijua mambo mawili. Dereva yule alikuwa na homa ya ini, na Nalotuesha alihitaji kuchanjwa siku ileile. Jambo la pili ni kwamba kitabu cha ajali kingeuliza nani aliiacha sindano, na yeye alikuwa tayari na barua moja ya onyo. Akachagua.

"Wewe ni kibarua, ukiandikisha watakufuta," alisema. "Osha na sabuni. Hakuna shida."

"Asante, Sista. Mungu akubariki."

Oktoba macho ya Nalotuesha yaligeuka manjano, tumbo likajaa. Alipelekwa hospitali ya Kajiado na hakurudi. Alizikwa kwao Oltepesi, na kaburi halijafunikwa watu walikuwa wameshaupa ugonjwa wake sababu: ini haliharibiwi na maji, mama huyu alikuwa anakunywa kwa siri. Lisemwalo lipo, alisema shemeji yake mmoja, kwa sauti, akiwa ameshika sahani ya wali wa msiba. Methali nayo ina watu wake wa kuichafua. Nalotuesha hakuwahi hata kuonja pombe ya busaa. Nduta alisimama palepale na shada la maua la wafanyakazi mikononi, midomo imefungwa. Baadaye alimwombea kazi ya usafi binti wa marehemu, Lucy, na hospitali nzima ikasifu moyo wake. Sifa hizo zilimuuma kuliko matusi.

"Sista, imebaki moja," Allan alisema.

Nduta akaivua miwani. "Sijaiona."

"Basi nani mwingine?" Allan alitazama huku na huku, akamwona Lucy mlangoni na ndoo yake. Muuguzi mmoja akamwambia yule ni wa usafi tu, mafunzo ni ya wauguzi. "Watu wa usafi ndio wanadungwa sana," Allan akajibu. "Kuja, dada."

Lucy alivaa miwani. Hakutafuta damu wala waya. Alikwenda moja kwa moja kufanya kazi yake, akalishika shuka la kitanda cha nne kwa mikono miwili na kulivuta. Miwani ikalia. Wauguzi wakacheka.

"Haiya! Nimedungwa," Lucy naye akacheka. Kisha akainama, akaitazama vizuri sindano ambayo wengine hawakuiona. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kiganja kisichokuwa na kidonda. "Lakini nani anaweka sindano hapa? Si hapa ni mahali mtu analala?"

Kicheko kikakatika. Kila muuguzi alitazama sakafu, maana kila mmoja aliwahi kuiweka hapo.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Nduta alikuwa amekuzoea. Lakini alikitazama kile kidole kinachosugua.

"Ni mimi," alisema.

"Sista?"

"Kitanda hii hii, Julai. Niliacha sindano hapo, mama yako akadungwa. Alikuja kwangu nikamwambia aoshe na sabuni, asiandikishe. Huyo mgonjwa alikuwa na homa ya ini. Nilijua, Lucy. Nilijua na nikanyamaza."

Alingoja kofi. Alilitamani. Lucy hakuinua mkono wala kuvua miwani. Aliketi polepole ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka chini ya vioo.

"Kwa hivyo yeyo hakuwa anakunywa," alisema, akimwita mama yake kwa Kimaasai.

"Hata siku moja."

Lucy akavua miwani, akaiweka magotini. Ndoo ilikuwa bado mlangoni.

"Mimi pia niliamini," alisema. "Nilitafuta chupa kwa nyumba yote. Nikaenda Kajiado nikamuuliza akiwa kwa kitanda, 'Yeyo, kwa nini unajiua na pombe?' Akaniambia, 'Muulize Sista Nduta.' Nikafikiri ni ugonjwa inaongea. Nikatoka nje, na sikurudi kumuaga."