Mheshimiwa Atoa Hotuba Saluni

Uheshimiwa wenyewe hakuupata kwa kura. Alipewa na wasomaji, tena kwa kejeli. Kazi yake ilikuwa kuandika gazetini habari za michezo ya video, ile inayochezwa kwenye televisheni kwa kubonyezabonyeza, na siku moja akaianza makala yake hivi: "Sisi wanahabari wa michezo ya video, tuliobeba jukumu zito la kuionyesha jamii njia..." Msomaji mmoja akamwandikia chini yake, "Kaeni chini jamani, Mheshimiwa ameshapanda jukwaani." Watu wakacheka, wakaambiana, na jina likamganda kama gundi ya viatu. Hata mke wake, muuza dawa katika duka la dawa na si mtu wa utani sana, alikuwa akimwambia, "Mheshimiwa, takataka zimejaa, zitoe nje."

Na tusimwonee, mtu mwenyewe hakuwa mbaya. Mpole, msalimiaji, takataka anatoa. Ila akishakaa mbele ya kompyuta kuandika, kichwa kinavimba. Wapo watu wa namna hiyo. Ukikaa naye mezani ni mwenzako, ukimpa kipaza sauti humjui tena.

Kibaya zaidi, michezo yenyewe hakuwa hodari wa kuicheza. Aliwahi kujirekodi akicheza, akashindwa kuruka ukuta mfupi, ukuta wa mwanzo kabisa, ule uliowekwa pale kumfundisha mtu kuruka. Akagonga kichwa, akarudi nyuma, akagonga tena. Halafu akaandika kwamba ukuta umejengwa vibaya. Wasomaji walishika mbavu wiki nzima.

Sasa basi. Kampuni moja kubwa ilikuwa inatoa mchezo mpya, Taa ya Mwisho, utoke Ijumaa. Na hawa waandishi wana desturi yao. Wanapewa mchezo mapema, kabla ya watu wengine, wapate muda wa kuucheza na kuandika. Lakini kuna sharti: mpaka siku ya kutoka ifike, hakuna kutamka neno. Ukitamka, jina lako linafutwa, hupewi tena kitu. Na mhariri wake, bwana mmoja mchache wa maneno, alikuwa ameshamwambia, "Mwandishi asiyepata michezo mapema, ukurasa wa kumpa mimi sina. Nitawapa watu wa mpira."

Kwa hiyo ukurasa ulikuwa unaning'inia kwenye mdomo wake. Akiufunga, anao. Akiufungua, hana.

Basi ungemwona anavyotembea. Utadhani amebeba siri za jeshi. Jirani akimuuliza, "Vipi, siku hizi unashughulika na nini?" anashusha pumzi na kuangalia huku na huku. "Ningependa kukwambia, ndugu yangu. Lakini kuna mambo mazito." Jirani akaenda kumwambia mkewe kwamba yule bwana wa nyumba ya pili amekutwa na ugonjwa.

Wiki hiyohiyo, paa la nyumba ya mama mkwe wake likaanza kuvuja. Mafundi wakaingia, mama akaja kukaa kwa binti yake. Nyumba yenyewe ilikuwa na televisheni moja tu, ipo sebuleni, na mbele yake kiti kimoja kizuri, kile chenye mto. Mama akakaa kwenye kile kiti, akanyoosha miguu yake yenye magoti mabovu, akaweka sinia ya mchele mapajani, akaanza kuchambua. Na pale hatoki.

Mnajua mambo ya mtu na mama mkwe wake. Ni heshima juu ya heshima. Hata kukohoa unakoholea nje. Sasa mtu na ndevu zake, mchana kweupe, aanze kubonyezabonyeza michezo mbele ya mama aliyemzalia mke? Mheshimiwa alizunguka meza mara kadhaa.

"Mama, hupendi kujinyoosha kidogo kule chumbani?"

"Nimejinyoosha hapahapa, baba. Wewe fanya kazi yako, mimi sikusumbui."

Afanyeje? Ijumaa inakuja. Akachuchumaa karibu na kiti, akashusha sauti.

"Mama, hii ninayofanya ni siri kubwa mno. Jina la mchezo huu na jina la kampuni, asisikie mtu. Likitoka tu, kazi yangu imekwisha."

"Mimi nimetunza siri za watu wazito kuliko hao," mama akasema, bila kuinua macho kwenye mchele. "Washa."

Akawasha. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mzee mmoja mwasha taa. Anatoka mji mmoja kwenda mwingine, anawasha taa za barabarani na ufito wake mrefu, huku anamtafuta binti yake waliyegombana zamani. Kila mji akishamaliza kuuwasha, anageuka nyuma anakuta taa zimezimwa. Nani anazizima? Hilo ndilo fumbo la mchezo wote.

Mwanzoni mama alikuwa anachungulia tu. Baadaye mkono ukasimama kwenye sinia. Mchana ulipofika alikuwa amesogeza kiti.

"Mzee, usipite huko, kuna giza."

"Mama, hakusikii."

"Basi nakwambia wewe. Usimpitishe huko."

Akampitisha, mzee akaanguka mtaroni. Mama akamtazama mkwewe kwa jicho ambalo hajawahi kutazamwa nalo tangu siku ya posa.

Siku ya tatu wakafika mwisho. Kumbe aliyekuwa akizima taa ni binti mwenyewe. Alikuwa nyuma ya baba yake safari yote, anazizima moja moja, ili baba ageuke nyuma amwone, na baba kila akigeuka anatazama taa tu. Mama alilia, akapenga kamasi, akalia tena. Na Mheshimiwa? Mheshimiwa alikuwa anaandika kwenye simu: "Kazi hii inathubutu kuihoji dhana ya mwanga, ingawa mimi kama mhakiki ninalazimika kuiuliza maswali magumu." Macho makavu kabisa.

Jioni ile mama akaenda saluni kusuka nywele, pale mtaani kwa binti yake, akaambiwa nusu leo na nusu kesho, maana wateja ni wengi. Akasukwa nusu.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla, Mheshimiwa akaenda dukani kununua mkate. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, akamshika mkono.

"Shemeji, pole na yule mzee wenu. Mimi jana sikulala. Kumbe binti mwenyewe ndiye alikuwa anazima taa. Moyo wa mtoto mgumu jamani."

Mkate akauacha juu ya kaunta.

"Nani kakwambia?"

"Si nilikuwa saluni? Mama mkwe wako alitusimulia. Tulilia wote, hata yule msusi asiyelia."

Mheshimiwa alikimbia. Mtu mzima, ndala mguuni, anakimbia barabarani, ndala moja ikabaki njiani. Alipofika saluni, ilikuwa imejaa. Mama mkwe kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama kama ufagio, na wanawake wamemzunguka. Mmoja alikuwa anauliza, "Sasa mama, yule binti alipozima ya mwisho, baba akafanya nini?"

Angeweza kumwambia mama, "Mama, twende nyumbani." Angeweza hata kukaa kimya. Lakini mama mkwe hakaripiwi mbele za watu, na yeye kukaa kimya hakujua. Akapanda juu ya kijistuli cha kuoshea miguu.

"Dada zangu, naomba mnisikilize. Mimi ni mwanahabari."

"Wa redio gani?" akauliza msusi.

"Si wa redio. Wa michezo."

"Ah, mpira. Jana tumefungwa vibaya."

"Si mpira. Michezo ya video."

Mwanamke mmoja mwenye kichwa kilichojaa povu akauliza taratibu, "Ile ya watoto?"

Hapo sasa damu ikapanda. Akanyoosha kidole. "Si ya watoto. Sisi tumepewa dhamana. Na hayo mnayoyazungumza hapa ni siri ya mchezo unaoitwa Taa ya Mwisho." Akaitaja na kampuni, herufi kwa herufi. "Unatoka kesho. Hairuhusiwi mtu yeyote kujua kwamba binti ndiye anayezima taa, wala kwamba mwishoni mzee anauvunja ufito wake. Nimeeleweka?"

Msusi alikuwa anatazama pembeni, kwenye kioo. Pale kwenye kioo ilikuwa imesimamishwa simu yake, ile anayoonyeshea mitindo yake ya nywele mitandaoni.

"Kaka," akasema kwa huruma, "tuko mubashara."

Mheshimiwa akashuka kwenye kistuli polepole, kama mtu anayeshuka kutoka juu ya paa.

"Kwa hiyo yule mzee si mtu?" akauliza yule wa povu. "Mimi nilishapanga tumtembelee."

Mama mkwe akageuka na nusu kichwa chake. "Baba, mimi sikutaja mchezo. Uliniambia nisitaje jina wala kampuni, sikutaja. Niliwaambia kuna mzee mmoja namfahamu, ana matatizo na binti yake. Basi. Wangejuaje?"

Na ni kweli. Toka jana mtaa mzima ulikuwa unamlilia yule mzee, na hakuna hata mmoja aliyejua ni mchezo. Siri ilikuwa imekaa salama katika vichwa vya watu wote wale. Aliyekuja kuitoa, akaiwekea jina na anwani, alikuwa yeye.

Kabla ya mchana ile klipu ilikuwa imeshazunguka. "Mheshimiwa ahutubia taifa akiwa na ndala moja." Mwingine akaandika, "Hata kistuli hakukiruka, alikipanda." Dada wa kampuni, yule wa kushughulika na waandishi, akapiga simu. Hakugomba. Alisema tu kwamba jina lake limeondolewa, mwaka mzima, na samahani, na pia angependa kujua yule mama alilia sehemu gani.

Mheshimiwa akarudi nyumbani, akakaa chini sakafuni maana kiti kilikuwa na mwenyewe. Mkewe alimkuta hapo aliporudi kazini. Alikuwa ameshaiona klipu, duka zima la dawa lilikuwa limeiona.

"Umekula?" akamuuliza.

"Sina ukurasa tena. Mhariri alisema."

"Nimekuuliza kama umekula."

Akala. Mama mkwe alimtazama anavyotafuna, akasema, "Baba, ile makala yako uliyoandika juu ya mzee, hebu nisomee."

Akamsomea. Akafika kwenye dhana ya mwanga, mama akainua mkono.

"Ngoja. Huyo ndiye mzee wetu?"

"Ndiye."

"Mbona hayumo?"

Akaiangalia makala. Kweli mzee hakuwemo. Alikuwamo mhakiki, na maswali yake magumu, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Akatafuta mahali pa kumuingiza, hakuna nafasi. Mheshimiwa amejaa kote.

Akafuta yote. Akaandika upya, haraka, kabla hajapata nafasi ya kuvimba. Akaandika juu ya magoti ya mama na sinia ya mchele, na mtaro alioangukia mzee kwa ubishi wake yeye. Akaandika kwamba alimaliza mchezo mzima bila kulia kwa sababu alikuwa anajiandika yeye mwenyewe. Habari za saluni akaziweka, na ndala akaiweka. Akaiuma midomo, akaituma kwa mhariri.

Mhariri akapiga simu asubuhi. Mheshimiwa alipokea amesimama.

"Hii nimeisoma mpaka mwisho," akasema mhariri.

"Asante, bosi."

"Zako nyingine nilikuwa nasoma kichwa cha habari tu. Michezo mapema huna tena?"

"Sina. Mwaka mzima."

Mheshimiwa alisikia kalamu inagongagonga meza upande wa pili.

"Basi utakuwa unacheza siku wanayocheza watu, uandike kama watu. Watu wa mpira nitawaambia wasubiri. Na yule mama asiondoke."

"Mama paa lake limeshapona, bosi."

"Basi litoboeni tena," akasema mhariri, akakata.

Mchezo uliofuata ulipotoka, Mheshimiwa alikwenda dukani akapanga foleni nyuma ya watu. Kijana mbele yake akageuka, akamtambua, akasema, "Mheshimiwa, leo na wewe uko huku chini na sisi?" Akajibu, "Niko huku, ndugu yangu, na jua linanichoma kama wewe." Wakacheka pamoja.

Jioni sebule ilifurika. Mama mkwe kwenye kiti chake, kichwa kimesukwa pande zote. Msusi yupo, mwenye duka la mkate yupo, na yule wa povu, aliyetangaza mlangoni kwamba safari hii atauliza kwanza kama mtu ni mtu ndipo alie. Mheshimiwa akapata nafasi sakafuni, katikati ya miguu ya watu. Akawasha. Wa kwanza kutokea kwenye mchezo alikuwa msichana mmoja na mbuzi wake, na mbele yao ukuta. Ukuta mfupi.

Watu wakasogea mbele.

"Pole pole, baba," akasema mama mkwe.

Akabonyeza. Msichana akagonga kichwa. Mbuzi akaruka vizuri.

"Ukuta umejengwa vibaya?" akauliza mkewe kutoka mlangoni.

"Hapana," akasema Mheshimiwa, anapangusa macho kwa kicheko. "Ni mimi. Ukuta uko sawa."

"Basi lete hicho kidude," akasema msusi, "tujaribu na sisi."