Belti Mpya ya Maurice

"Hiyo ni belti," Millicent alisema. "Inateleza."

"Nimeifunga jana tu, mpya kabisa. Itatelezaje?"

"Si ndio nakuambia, Maurice. Ni mpya."

Ploti yetu yote hapa Uriri ilikuwa nje, wengine na mswaki mdomoni. Pikapu ya Maurice ilikuwa inalia kama nguruwe aliyeona kisu, na siku yenyewe ndiyo hiyo ya kwenda Homa Bay kujitambulisha kwa kina Beverly, mchumba wake. Omondi, mjomba wake Maurice, tayari ndani ya koti, alishasema heri watembee kuliko kuingia boma la wakwe na kelele ile, kijiji kizima kitoke kutazama ni maskini gani anakuja kuoa.

Kila mtu alikuwa daktari. Roseline alisema ni beringi. Mimi, nisiyejua hata boneti hufunguliwa wapi, nilisema ni injini. Alfajiri Maurice alikuwa ameisugua belti kwa kipande cha sabuni. Ikanyamaza kidogo, kisha ikarudi na hasira.

Millicent ana posho mill ya kusaga mahindi sokoni, na mambo ya belti humwambii. Akachota kikombe cha maji, akainyunyizia ikizunguka. Ikapiga ukelele hadi kuku wakapanda paa. Akacheka. Ingekuwa imekaa upande, alisema, maji yangeinyamazisha. Ikizidi kulia, imelegea. Belti mpya hurefuka ikianza kazi. Kule kwake husukuma mota nyuma belti ikaze, na sabuni hapaki hata siku moja.

Gari likazimwa. Maurice akalegeza bolti ya alternata, Millicent akaingiza mtwangio wa Roseline kuisukuma belti ivutike, na kuuegemea kwa mwili wote, na mwili upo. Maurice akakaza, akawasha.

Kimya. Tulicheza pale kama harusi imeshafika. Millicent akapanda mbele kulinda kazi yake, mimi nikarukia nyuma. Nani angekosa uhondo huo?

Shida ni kwamba kule Homa Bay walikuwa wanangoja kusikia gari. Tuliingia bomani kama wezi, hakuna aliyetoka. Maurice akanong'ona kama apige honi, Omondi akamkata jicho: honi, kwa wakwe? Tukasimama tu, hadi Bathsheba, shangazi yake Beverly, akatoka na beseni la maji machafu na kuyamwaga karibu na viatu vya Omondi.

Akashika mdomo. Akacheka kwanza yeye, ndipo nasi tukapasuka.

"Wageni gani hawa hawana sauti?" akasema. "Ingieni ndani mkule, kuku imeiva."