Aliyekuja Mgongoni

Asubuhi ya mazishi ya nyanya nilikuwa nyuma ya jikoni namenya ndizi za wageni, utomvu umenishika vidole mpaka vikawa vyeusi. Karatasi nilikuwa nimeificha ndani ya sweta. Mimi ndiye mjukuu niliyechaguliwa kusoma historia ya marehemu, kwa sababu napenda historia, na kwa sababu sikuweza kusema hapana.

"Kemuma, usitusomee wafalme wa Norwei huko mbele," binamu yangu Mong'ina alisema. "Watu wana njaa."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kidogo, nikiangalia ndizi.

Norwei ilitoka kwa baba mkubwa Onchiri. Yeye ndiye kifungua mimba wa nyanya. Anauza vitabu vya mitumba Kisii mjini, na kila akija nyumbani Magwagwa ananibebea kimoja. Hicho cha Norwei hakikuwa na jalada. Ndani yake wana wa wafalme wanapigania kiti, wengine mama zao hata hawakuolewa, na mmoja anatoka ng'ambo ya bahari akisema tu: mimi ni mtoto wa mfalme. Nilikisoma mara tatu. Siku moja nikamuuliza mbona wateja wake wanapenda hivyo nchi ambazo hawatawahi kufika.

"Huko hakuna mtu wako," alisema. "Unasoma mtu amechinjwa, unafungua ukurasa, unakunywa chai."

Nilidhani ni mzaha.

Kwa hiyo nilipoambiwa niandike ya nyanya, niliandika vile nilivyozoea kusoma. Nilienda kwa Nyanchoka, mwanamke wa rika lake, akaniambia yote huku akipura maharagwe. Nyanya aliolewa kwanza Kebirigo. Mume akafa, shemeji wakataka kumrithi, akakataa. Akaja Magwagwa kwa miguu, mtoto wa miezi saba mgongoni, na ndipo babu akamuoa. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Sikumwonyesha mtu. Naona aibu mtu akisoma mwandiko wangu nikiwa nimesimama hapo.

Kwenye kipaza sauti nilisoma bila kuinua macho. Nilipofika Kebirigo, baba mdogo Josiah akainua mkono.

"Rudia hapo, Kemuma," alisema kwa upole. "Alikuja na nani mgongoni?"

Mtu mzima akikuambia rudia, unarudia.

"Na Onchiri," nilisema, na spika ikalipeleka jina hadi bondeni.

Wazee walikuwa wanajua. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Walijua miaka hamsini na nane, wakanyamaza, na juu ya kunyamaza kwao baba mkubwa alijenga nyumba, akapanda chai, akazika mtoto wake. Nilipoinua macho alikuwa ameketi palepale, kofia magotini, anaangalia jeneza kama mtu aliyeuliza swali.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Josiah alituma watu wakachume chai ya Onchiri, na kesi ikafika kwa chifu.

"Aende Kebirigo akaulize shamba la baba yake," alimwambia chifu mbele yetu sote. "Mimi nimezua? Si imeandikwa na mtoto wa shule?"

Karatasi yangu ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa vizuri sana. Baba yangu hakusema kitu. Shamba letu pia linapakana na ile chai.

Chifu akasema kikao kingine ni Ijumaa, kila mtu alete mashahidi. Onchiri alitoka bila kuaga. Alinipita karibu, akanigusa kichwa, kama mtu anayetafuta mlango gizani, akaenda.

Jumapili nilichukua simu ya mama. Nilifuta mara nyingi, mwishowe nikatuma hivi:

"Baba mkubwa, ni Kemuma. Ijumaa nitakuja kwa chifu. Nitasema hakuna mtu aliniambia, nilitunga mwenyewe. Niambie tu kama nije."

Alama mbili zikageuka bluu kabla sijaiweka simu chini. Leo ni Alhamisi.